Fremu Isiyojua Umri Wake: Historia ya Kuzuia Vitanzi katika Poti za Ethaneti

Chukua waya mmoja wa mtandao. Ncha moja ichomeke kwenye poti ya kwanza ya swichi ya bei nafuu, na ncha ya pili kwenye poti ya tatu ya swichi hiyohiyo. Muda si mrefu taa zote zitaanza kumetameta kwa pamoja bila kupumzika, na kila kompyuta iliyounganishwa hapo itakuwa kama imekatiwa mtandao. Hakuna kilichoungua wala kilichovunjika. Chomoa waya ule, na kazi inaendelea.

Chanzo cha tatizo hili kina umri wa nusu karne. Fremu za Ethaneti, yaani vifurushi vinavyobeba data juu ya waya, hazina mahali popote pa kuandika zimeshapita swichi ngapi. Paketi ya intaneti inayo: ina kihesabio kinachopunguzwa na kila ruta, na kikifika sifuri paketi inatupwa. Fremu ikiingia kwenye kitanzi ni kama mgeni anayeuliza njia kwa watu wawili ambao kila mmoja anamwelekeza kwa mwenzake. Atatembea mpaka kesho. Poti ya megabiti 100 kwa sekunde inaweza kupitisha fremu ndogo zaidi ya 148,000 kila sekunde, kwa hiyo matangazo machache yanayozunguka na kuongezeka yanatosha kujaza waya wote.

Ndani ya fremu pengo hilo halikuzibwa kamwe. Limezibwa kutoka nje, hatua kwa hatua, na kila hatua imeisogeza kazi karibu zaidi na poti yenyewe na mtu anayeisanidi.

Kebo moja kwa wote, 1973–1983

Tarehe 22 Mei 1973, Robert Metcalfe wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, aliandika waraka wa ndani kuhusu mtandao aliouita Ethernet. Sehemu ya wazo lake ilitoka ALOHAnet, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambao vituo vyake vilirusha ujumbe kwenye masafa yaleyale na kurudia kila ujumbe ulipogongana na mwingine. Metcalfe na mwenzake David Boggs waliihamisha tabia hiyo kutoka hewani hadi ndani ya kebo. Kila kompyuta iliyoungwa kwenye kebo ilisikia yote yaliyotumwa. Kasi ya mwanzo ilikuwa megabiti 2.94 kwa sekunde.

Katika mazingira hayo kihesabio kingekuwa mzigo wa bure. Fremu ilitoka kwa mtumaji, ikasambaa kwenye kebo nzima, ikafia kwenye vizibo vya ncha mbili. Haikuwa na mahali pa kuzunguka.

Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitangaza kwa pamoja Ethaneti ya megabiti 10, na mwaka 1983 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikapitisha kiwango chake, 802.3. Muundo wa fremu ukawa umekwisha kuamuliwa: anwani ya mpokeaji, anwani ya mtumaji, aina au urefu, data, na namba ya kukagua makosa. Watengenezaji walianza kuuza vifaa vinavyoutegemea muundo huo, na kuanzia hapo kuongeza hata baiti moja ya kuhesabu safari kungekuwa kuvitupa vyote.

Briji na mti, hadi 1990

Kipande kimoja cha kebo hakikuruhusiwa kuzidi mita 500. Hata vipande vikiunganishwa kwa vikuza-mawimbi, kompyuta mbili zilizo mbali zaidi hazikuweza kutengana kwa zaidi ya kilomita 2.5, kwa kuwa mgongano ulipaswa kusikika kila upande kwa wakati. Kampuni zenye majengo mengi zilibanwa. Jibu la kitaalamu lilikuwa ruta, lakini programu nyingi za wakati huo ziliandikwa moja kwa moja juu ya Ethaneti. Itifaki ya LAT ya Digital, iliyounganisha skrini na kompyuta kubwa, haikuwa na anwani ambayo ruta ingeweza kuisoma.

Ndipo Digital ikaja na briji, kazi ya mhandisi Mark Kempf. Briji husikiliza pande zote, huandika kwenye jedwali kila mtumaji yuko upande gani, na huvusha fremu pale tu mpokeaji anapokuwa ng'ambo. Isipomjua mpokeaji, au fremu ikiwa ni tangazo kwa wote, huivusha kila upande. Kompyuta hazihitaji kujua kwamba ipo.

Urahisi huo ndio uliozaa kitanzi. Mtu akiweka briji mbili kati ya kebo zilezile mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee, kila briji huvusha tangazo lililovushwa na mwenzake. Majedwali nayo yanavurugika, maana mtumaji yuleyule anaonekana sasa kushoto, sasa kulia.

Meneja Tony Lauck alimkabidhi kazi hiyo Radia Perlman, mwanahisabati aliyesoma MIT na kujiunga na Digital mwaka 1980. Sharti lilikuwa briji zijipange zenyewe bila fundi kuzigusa, na kumbukumbu inayotumika kwa kazi hiyo isiongezeke mtandao unapokua. Perlman amesimulia kwamba jibu lilimjia usiku uleule, kuliandika kukachukua siku mbili, na siku zilizobaki za wiki hiyo akatunga shairi, «Algorhyme», ambalo liliingia kwenye makala yake ya mwaka 1985.

Utaratibu wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Kila briji ina kitambulisho: namba ya kipaumbele, ikifuatiwa na anwani iliyopewa kiwandani. Mwanzoni kila briji inajitangaza kuwa mzizi, kwa ujumbe mfupi uitwao BPDU. Ikisikia kitambulisho kidogo kuliko chake, inaacha kujinadi na kuanza kumtangaza mwenye kitambulisho hicho, na punde zote zinakuwa na mzizi mmoja. Kisha kila briji inachagua poti yenye gharama ndogo zaidi ya kufika kwenye mzizi, na kila kebo inapata briji moja ya kuihudumia. Poti zilizobaki zinafungwa kwa data ila zinaendelea kusikiliza BPDU. Kinachobaki ni mti usio na kitanzi, na tawi likikatika, poti iliyokuwa imefungwa inachukua nafasi.

Mwaka 1990 IEEE iliuweka utaratibu huo katika kiwango cha 802.1D, na mafundi wakauzoea kwa jina la STP. Lakini kujipanga kwenyewe kulikuja na mtego. Kipaumbele cha kawaida ni 32768 kwa kila kifaa, hivyo asipokigusa mtu, mshindi huamuliwa na anwani ya kiwandani. Kwa kuwa watengenezaji mara nyingi hugawa anwani kwa kupanda, kifaa kikuukuu kuliko vyote kinaweza kujikuta ndicho mzizi, na data ya jengo zima ikapitia humo.

Poti nyingi na sekunde 30, 1990–2001

Mwaka huohuo wa 1990 kampuni ya Kalpana ya California ilianza kuuza EtherSwitch, briji yenye poti saba zinazoweza kupitisha fremu kwa wakati mmoja. Nyaya za jozi zilizosokotwa nazo zilikuwa zinachukua nafasi ya kebo nene, na kila kompyuta ikapata waya wake. Kampuni ya Cisco iliinunua Kalpana mwaka 1994. Idadi ya poti ikapanda hadi 24, kisha 48, na nyingi kati yake hazikuunganisha briji na briji tena. Upande wa pili alikaa mtu na kompyuta yake.

Hapo vipimo vya zamani vikaanza kuuma. STP hufungua poti baada ya sekunde 15 za kusikiliza na nyingine 15 za kujifunza anwani. Briji ikikosa habari za mzizi, husubiri hadi sekunde 20 kabla ya kuamua kuwa mambo yamebadilika. Kwa nyaya mbili za akiba kati ya majengo, hiyo ilivumilika. Kwa karani anayewasha kompyuta asubuhi haikuvumilika: kompyuta iliomba anwani ya mtandao ndani ya zile sekunde 30, haikujibiwa, ikakata tamaa kabla poti haijafunguka.

Wapo waliozima STP kabisa ili malalamiko yaishe, na wakabaki bila kinga. Cisco ilileta njia ya kati iitwayo PortFast: fundi anaiambia swichi kwamba poti hii ina kompyuta tu, ifunguliwe papo hapo. Ahadi hiyo ilikuwa ya binadamu, na ilihitaji mlinzi. Mlinzi akawa BPDU Guard. Kompyuta ya kawaida haitumi BPDU. Ikisikika hata moja kwenye poti iliyotajwa kuwa ya kompyuta, maana yake kuna swichi upande wa pili, au waya umerudi ulikotoka, na poti inafungwa hapohapo.

Kuanzia hapo swichi ilihitaji kuelezwa kila poti imeunganishwa na nani. Briji ya Perlman ilitegemea ugunduzi wake yenyewe. Swichi ya ofisini ilitegemea pia maarifa ya fundi wake.

Mwaka 2001 IEEE ilipitisha STP ya kasi, RSTP. Badala ya kuhesabu sekunde, swichi mbili jirani zinapeana pendekezo na kukubaliana, na tawi la akiba linaweza kufunguka chini ya sekunde moja. Wazo la poti ya ukingoni, ile ya kompyuta tu, likawa sehemu rasmi ya kiwango. Mwaka uliofuata ikaja MSTP, kwa mitandao iliyogawanywa katika VLAN nyingi, yaani mitandao pepe inayotumia swichi zilezile.

Boston, Novemba 2002

Kiwango kipya kwenye karatasi hakibadilishi swichi zilizokwisha kufungwa ukutani. Tarehe 13 Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ulianza kusuasua, ukaanguka, ukainuka na kuanguka tena kwa siku kadhaa. Madaktari waliozoea kusoma majibu ya maabara kwenye skrini walirudi kwenye fomu za karatasi, na watu wakatumwa kubeba majibu kwa miguu kutoka idara hadi idara.

Mtandao ule ulikuwa umekua kwa kuunganishwa kipande kwa kipande. Vipimo vya kawaida vya STP vimekadiriwa kwa njia isiyozidi swichi saba kutoka mwisho hadi mwisho. Sehemu ya mtandao wa hospitali ilikuwa imefika kumi. Kazi ya mtafiti mmoja ilipomwaga data nyingi kwa ghafla, BPDU zilichelewa katika msongamano. Swichi za mbali zilidhani mzizi umetoweka, zikafungua njia zilizopaswa kubaki zimefungwa, na kinga yenyewe ikageuka chanzo cha vitanzi.

Wahandisi wa Cisco waliletwa kusaidia, na suluhisho likawa kuukata mtandao mmoja mkubwa kuwa mingi midogo inayotenganishwa na ruta. John Halamka, mkuu wa teknolojia ya habari wa hospitali, hakuficha. Alieleza hadharani kilichotokea, na kisa hicho kikawa somo kwa hospitali nyingine.

Swichi yaingia ndani ya boksi, 2002–2008

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2002 kampuni ya Linksys ilitoa WRT54G, ruta ndogo ya nyumbani. Mwaka 2003, baada ya wadadisi kugundua kwamba ndani yake mlikuwa na mfumo endeshi wa Linux, msimbo wake ulitolewa hadharani, na mradi wa OpenWrt ukazaliwa mwaka 2004. Maelfu ya watu wakapata nafasi ya kuchungulia ndani ya boksi lile.

Walichokuta ni hiki. Poti tano za nyuma hazikuwa za kompyuta ndogo iliyo ndani. Zilikuwa za chipu ya swichi, na chipu hiyo iliunganishwa na kichakataji kwa njia moja tu. Poti nne za nyumbani ziliwekwa kwenye VLAN moja, ya tano, iendayo kwa mtoa huduma, kwenye VLAN nyingine. Fremu kutoka poti ya kwanza kwenda ya tatu ilipita ndani ya chipu bila Linux kujua lolote.

Linux yenyewe ilikuwa na briji na STP tangu zamani, kazi ambayo Lennert Buytenhek alichangia sana. Lakini ndani ya boksi la aina hii STP hiyo ilikuwa kipofu. Poti nne zilionekana kwake kama moja. BPDU ikifika, haikujulikana imeingilia tundu lipi, na hata kitanzi kingegundulika, hapakuwa na namna ya kufunga tundu moja na kuacha mengine. Kila mtengenezaji wa chipu alikuwa na zana zake za kuandika kwenye rejista, yaani sehemu za chipu zinazotunza mipangilio yake, na STP ikabaki neno kwenye ukurasa wa mipangilio.

Linux yapata macho, 2008–2021

Mwaka 2008 Buytenhek huyohuyo aliingiza kwenye Linux mfumo uitwao DSA, ukianzia na chipu za Marvell. Kila fremu inayotoka kwenye swichi kwenda kwa kichakataji huvalishwa alama ndogo inayosema imeingilia poti ipi. Inayokwenda upande wa pili nayo hubeba alama ya poti inayopaswa kutokea. Kwa alama hiyo kila tundu la nyuma ya boksi linakuwa kiolesura chake chenyewe ndani ya Linux: lan1, lan2, lan3, wan.

Kilichofuata kilichukua miaka. Kuanzia 2014 Florian Fainelli aliufufua mfumo huo na kuupanua kwa chipu za watengenezaji wengine. Wakati huohuo Jiri Pirko na wenzake walijenga switchdev, daraja linaloipa briji ya Linux uwezo wa kuiamuru chipu moja kwa moja. Sasa Linux inapoamua kwamba lan3 ifungwe, uamuzi huo unaandikwa kwenye rejista ya poti hiyo ndani ya chipu, na fremu zinazuiwa bila kupitia kichakataji. Toleo la OpenWrt la 21.02, lililotoka mwaka 2021, lilihamishia aina kadhaa za vifaa kwenye DSA.

Perlman naye alikuwa amerudi kwenye tatizo lake. Mwaka 2004 alipendekeza vifaa vinavyochanganya tabia ya briji na ya ruta, na mwaka 2011 wazo hilo likatoka kama itifaki ya TRILL. Fremu inafungwa ndani ya kichwa cha ziada, na ndani ya kichwa hicho kuna kihesabio cha hatua. Kilichoachwa nje ya fremu ya miaka ya 1970 kilipata nafasi hatimaye, ila kwenye vituo vikubwa vya data. Boksi dogo lilibaki na mti.

Viwandani njia ilikuwa tofauti. Mashine zilizopangwa mstarini huunganishwa kwa umbo la pete, na hata sekunde moja ya kusubiri ni ndefu mno. Katika itifaki ya MRP kifaa kimoja kinasimamia pete kwa kufunga poti yake moja na kutuma fremu za majaribio kuizunguka; zisiporudi, kinaifungua. Katika itifaki ya HSR fremu inatumwa pande zote mbili za pete kwa pamoja, mpokeaji anachukua ya kwanza na kutupa ya pili. Linux ilipata HSR mwaka 2014 na MRP mwaka 2020.

Poti moja mkononi mwa fundi

Anayetengeneza leo kifaa chenye swichi ndani, iwe ruta, simu ya mezani ya mtandao au kidhibiti cha mashine, anarithi historia hii yote katika mipangilio michache, na kila mmoja una sababu yake ya kihistoria.

Kwanza, briji ya Linux huzaliwa ikiwa STP imezimwa. Huwashwa kwa amri:

ip link set br0 type bridge stp_state 1

Isipowashwa, Linux haizitupi BPDU za wengine. Inazipitisha kama fremu nyingine, ili majirani wenye STP waweze kuona kitanzi kinachopita humo. Swichi nyingine za bei nafuu hazifanyi hata hivyo: zinazimeza BPDU bila kuzielewa, na jirani hana njia ya kujua kwamba waya umemrudia. Ndiyo sababu kampuni ya MikroTik, kwa mfano, iliongeza ukaguzi wake wenyewe: kifaa kinatuma fremu ya kipekee kila baada ya sekunde tano, na ikirudi nyumbani, poti inafungwa kwa dakika tano.

Pili, STP iliyo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux bado ni ile ya zamani, yenye sekunde 30. Anayetaka kasi ya RSTP anahitaji programu ya pembeni, mstpd. Tatu, poti ya mtumiaji hulindwa kwa amri:

bridge link set dev lan4 guard on

Mlinzi huyo anategemea STP ya kerneli. Ikiwa imezimwa, haamki. Nne, kipaumbele chenye namba kubwa kinafaa kwa boksi dogo, lisije likatwaa nafasi ya mzizi kwa bahati ya anwani yake.

La tano halisemwi sana, nalo huwapata wengi. Chipu nyingi, umeme ukiwaka, huanza kama swichi ya kawaida yenye poti zote wazi, na hubaki hivyo mpaka Linux iamke na kuzishika. Katika sekunde hizo upande wa nyumbani na upande wa mtoa huduma vinaweza kuwa waya mmoja, na pete ya kiwandani ikawa kitanzi kamili kila kifaa kinapozimwa na kuwashwa. Amri za Linux haziwezi kurekebisha kilichotokea kabla ya Linux. Hilo huamuliwa na anayechora bodi, kwa vipingamizi vinavyoiambia chipu ianze na poti zimefungwa, au na anayeandika programu ya kuanzishia.

Perlman alipewa kazi ya kuhakikisha hakuna mtu anayelazimika kusanidi chochote, na kwa briji za wakati wake alifaulu. Leo nako mpangilio wa kiwandani ndio bado mpangilio wa watu wengi, kwa sababu mwenye nyumba hatafungua ukurasa wa mipangilio kutafuta neno STP. Kwa hiyo swali la nani azuie kitanzi limerudi kwa mtengenezaji: boksi likitoka kiwandani kinga ikiwa imezimwa, limeacha kazi ya mhandisi kwa mtu aliyenunua ruta ili watoto wapate intaneti.